Harufu ya kidonda cha mama

SWALI: Mama yangu ana saratani ya titi iliyopasua ngozi na kuacha kidonda kinachotoa maji na harufu kali. Tunamsafisha kila siku na kupulizia marashi chumbani, lakini wiki hii amewakataza wajukuu kuingia kwake, naye hulala ameelekea ukutani. Nifanyeje bila kumwaibisha?

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Kwanza yaondoe hayo marashi, kwa sababu hayaui harufu bali huchanganyika nayo, na baada ya siku chache mgonjwa hawezi tena kuyanusa bila kukikumbuka kidonda chake. Tatizo si usafi, na ni vizuri mama alisikie hilo kinywani mwako: uvimbe unapokua kuliko damu inayoufikia, sehemu yake hufa, na katika nyama hiyo iliyokufa huzaliana bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao ndio chanzo kikubwa cha harufu. Hata mkimwosha mara 5 kwa siku, watabaki humo.

Dawa inayowaua bakteria hao ni metronidazoli. Muulize daktari au muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kama jeli yake ya kupaka inapatikana. Isipopatikana, wauguzi husaga vidonge vya kawaida vya dawa hiyo hadi viwe unga laini, wakaunyunyizia kidondani kila wanapobadilisha bandeji. Wao ndio watakaokupa kipimo, na mara nyingi harufu hupungua ndani ya siku chache.

Kubadilisha bandeji kwenyewe ndiko kunakotaka subira. Kama ameandikiwa dawa ya maumivu ya kunywa, mpe nusu saa kabla. Gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, ikikaukia kidondani usiivute kamwe, maana utapasua mishipa midogo ya damu. Imwagilie maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, kisha ngoja mpaka iachie yenyewe, hata kama ni dakika 15. Gozi inayogusa kidonda iwe imepakwa mafuta safi ya mgando ili isigande, na juu yake weka nyingine kavu za kunyonya maji. Spiriti na dawa zinazotoa povu ziache, kwani huunguza nyama iliyo hai. Bandeji chafu zifunge ndani ya mfuko na uzitoe mara moja. Nashuku kwamba sehemu ya harufu mnayoisikia inatoka kwenye ndoo ya bandeji chafu, kama mmeiweka pembeni ya kitanda. Weka pia taulo la rangi nyeusi karibu: damu ikitoka, kandamiza kwa dakika 10 bila kuchungulia, na isipokoma tafuta msaada haraka.

Kuhusu heshima yake, jua kwamba mgonjwa hukusoma usoni kabla hujasema neno. Ukihitaji barakoa, mwambie kabla ya kuivaa, usiivae kimyakimya mlangoni. Usizungumze habari za harufu na watu wengine mbele yake kana kwamba hayupo, wala usimwambie kwamba hakuna harufu, kwa kuwa anaisikia. Mwambie ipo, ina sababu, na inatibika.

Wajukuu wasiingizwe kwa kumshtukiza. Muulize ni saa ngapi angependa waje na wakae muda gani, badilisha bandeji muda mfupi kabla ya hapo, fungua dirisha, kisha weka viti vyao upande wa titi lililo zima.