Vumbi la mgodi au damu ya ukoo?

Mama mmoja wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameandika: mwanawe ana miaka mitatu, hasemi, haitiki jina lake, kutwa anapanga vizibo vya chupa mstari mmoja. Daktari amesema ni usonji (autism). Mama mkwe analaumu damu ya ukoo wa mama. Bwana, mchimbaji wa shaba na kobalti, anaogopa kuwa ni vumbi lake. Mama anauliza kosa ni la nani.

Mama, si la yeyote. Urithi una sehemu kubwa katika usonji, ila hutoka pande zote mbili, ukoo wa mama mkwe ukiwemo. Tena kuna mabadiliko ya jeni, yale maagizo ya urithi mwilini, yaliyo mapya kabisa: kila mtoto huzaliwa na makumi ambayo baba wala mama hana. Mengi hayadhuru, ila moja likiangukia jeni ya ubongo kama ile iitwayo SHANK3, ubongo hukua kwa namna nyingine.

Na vumbi? Utafiti wa hapa Lubumbashi uliochapishwa 2020 ulihusisha kazi ya baba migodini na watoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Za mwili, si usonji. Kwingineko hewa chafu wakati wa mimba imehusishwa na usonji, lakini hakuna kipimo kitakachosema mtoto huyu ni vumbi lililomfanya hivi.

Hata hivyo vumbi litoke nyumbani. Humo huweza kuwemo risasi, madini yale ya betri, nayo hudhuru akili ya mtoto hata ikiwa kidogo. Bwana avue viatu na nguo za kazi mlangoni, zifuliwe kwenye beseni lake peke yake. Mifuko ya mawe isilale uani. Usifagie pakavu: vumbi hupaa, hutua kwenye sufuria, jioni mnalila na bukari (ugali). Piga deki kwa kitambaa chenye maji. Mpe mtoto maharagwe na ndagala, maana mwili wenye upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi.

Akitokea mtu wa kuuza sindano ya "kutoa madini" ili kuponya usonji, mfukuze. Mwaka 2005 huko Marekani mtoto alikufa kwa tiba hiyo: kalsiamu ya damu ilishuka, moyo ukasimama.

Hukuandika kama masikio yamepimwa. Yapimwe juma hili, maana asiyesikia naye haitiki. Kisha tumia vizibo hivyohivyo kumfundisha kuwasiliana. Chuchumaa macho yenu yalingane, shika kimoja, sema "kizibo", subiri kama sekunde kumi. Akikutazama au akinyoosha mkono, mpe papo hapo, hata bila neno. Dakika kumi zinatosha, asubuhi na jioni, redio ikiwa imezimwa.