Damu ya Mbuzi Kwenye Kanzu

Nilikuwa na miaka 14 nilipoisukumia korongoni baiskeli ya mdogo wangu. Baba alimnunulia alipofaulu darasa la nne. Mimi niliyefaulu mtihani uleule miaka mitatu kabla yake nilipewa daftari kubwa na kalamu mbili, nikaambiwa niongeze bidii. Jioni ile Baba alipouliza baiskeli iko wapi, nilimjibu kwamba nimemwona kijana wetu wa kuchunga akiipitisha nyuma ya zizi. Kijana yule alikana, akaapa, akalia. Alfajiri aliondoka kwa miguu, furushi la nguo kwapani. Mama alisimama mlangoni akimtazama mpaka akapotelea migombani.

Hayo yalitokea kijijini kwetu, mkoani Iringa, na kwa miaka 31 sikumwambia mtu. Ndani ya miaka hiyo niliokoka, nikaoa, nikawa mwalimu wa shule ya Jumapili. Kila tulipofika kitabu cha Mwanzo sura ya 37 niliwasimulia watoto habari za Yusufu na kaka zake waliomwuza, nikikunja uso kuwaigiza wale kaka. Watoto walikuwa wanatulia kabisa.

Ninaandika kwa ajili yako wewe ambaye nyumba yenu ina jambo lisilosemwa. Akina Ibrahimu tumezoea kuwaita mababa wa imani, na ni kweli. Mtu wa miaka 75 anaambiwa aondoke Harani kwenda nchi asiyoijua, naye anafunga mizigo. Lakini mtu huyohuyo, njaa ilipomfikisha Misri, aliogopa kuuawa kwa ajili ya mkewe, akasema Sarai ni dada yake. Baadaye alijitetea kwamba kweli walichangia baba. Ulikuwa ukweli nusu. Mwanawe Isaka alipofika Gerari alisema maneno hayohayo kuhusu mkewe Rebeka, na Rebeka hakuwa dada yake hata kidogo. Nusu ya baba ikawa uongo mzima kwa mwana. Kisha mjukuu, Yakobo, akavaa nguo za kaka yake, akafungwa ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, akaingia kwa baba yake kipofu akasema, Mimi ni Esau.

Sasa tazama yaliyompata Yakobo uzeeni. Wanawe wanachinja mbuzi, wanachovya kanzu ya ndugu yao Yusufu katika damu, wanampelekea baba yao waseme wameiokota, aangalie kama ni ya mwanawe. Mbuzi na nguo, vilevile alivyovitumia yeye. Sidhani kama Mungu alikuwa analipiza kisasi. Naona kwamba kilichofichwa nyumbani hakiozi, watoto wanakipokea bila kuambiwa.

Mstari ninaouogopa kuliko yote katika Mwanzo ni ule usemao wanawe wote wakainuka kumfariji, naye akakataa kufarijiwa. Wote! Walimzunguka mzee akiomboleza, wakamshika mabega, nao wanajua kijana yu hai, kauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30, ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa ndipo akajitambulisha kwa ndugu zake. Miaka 22 wanakula meza moja na huzuni waliyoitengeneza wenyewe. Mimi naijua meza hiyo. Baba alikuwa na kawaida ya kusema tukiwa tunakula, "Watu wa kazi hawaaminiki, angalieni yule wa baiskeli." Mimi nilikuwa namega ugali.

Kuhusu upendeleo sitasema mengi, kila aliyezaliwa na ndugu anaujua. Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo, na Yakobo aliyeumizwa na jambo hilo akaja kumshonea mwana mmoja kanzu ndefu mbele ya macho ya kaka zake kumi. Nami nilijiona nimepona, mpaka binti yangu wa miaka tisa aliponiuliza tukiwa tunaanua nguo: "Baba, mbona ndugu yangu unamwita jina la nyumbani, mimi unaniita jina la shule?" Nilishika kamba ya nguo nikakosa la kusema. Kama una watoto, jisikilize unavyowaita.

Na niseme kidogo juu ya Hajiri, maana huwa tunampita haraka. Ibrahimu na Sarai walikaa Kanaani miaka 10 wakingoja mtoto wa ahadi, wakachoka, wakatafuta njia ya mkato kupitia mtumishi wa nyumbani, ndiye Hajiri. Mtumishi akapata mimba, akateswa, akakimbilia jangwani, na huko kwenye kisima akamwita Mungu kuwa ndiye anayemwona. Kisima kikaitwa Beer-lahai-roi. Miaka mingi baadaye, Ibrahimu alipokufa akiwa na miaka 175, walimzika pangoni Makpela Isaka na Ishmaeli, mwana wa Hajiri, pamoja, na baada ya maziko Isaka alikaa karibu na Beer-lahai-roi. Mwana wa Sara anaishi penye kisima cha Hajiri. Biblia haielezi kwa nini. Mimi kila nikisoma hapo namkumbuka kijana wetu wa kuchunga na furushi lake, maana katika nyumba za watu wa imani anayeumia kwanza mara nyingi ni yule asiye na ukoo wa kumtetea.

Kilichonivunja ni Yuda, mmoja wa wale kaka. Ndiye aliyetoa wazo la kumwuza Yusufu. Katika sura ya 44 amesimama Misri mbele ya mkuu asiyemjua kuwa ni Yusufu mdogo wake; Benyamini, mdogo wao wa mwisho, amekutwa na kikombe cha fedha guniani, na Yuda anasogea kumwombea. Katika maombi hayo anayarudia maneno ya baba yao: mke wangu alinizalia wana wawili. Simama hapo usome tena. Yakobo alikuwa na wana 12. Wawili, Yusufu na Benyamini, ndio wa Raheli, mke aliyempenda. Yuda ni mwana wa Lea, mke mwingine wa Yakobo, na katika sentensi hiyo mama yake hahesabiwi kuwa mke, wala yeye hahesabiwi kuwa mwana. Anaitamka kwa kinywa chake mwenyewe, bila uchungu, kisha anasema niache mimi niwe mtumwa, kijana arudi kwa baba yake.

Yakobo hakuwa amebadilika. Upendeleo ulikuwa palepale, umehama tu kutoka kwa Yusufu kwenda kwa Benyamini. Aliyebadilika ni Yuda. Mimi miaka yote nilikuwa nangoja Baba akiri kwanza kwamba hakutupenda sawa, ndipo nami niseme langu. Usingoje hivyo, ndugu yangu. Mzee anaweza kufa hajasema, nawe ukabaki na korongo lako.

Nilianza na mdogo wangu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya kwake, giza limeingia. Nilimweleza yote bila kutaja daftari wala kalamu, na huo ndio ushauri wangu mkubwa: ukikiri, usiweke sababu mbele, maana sababu inamlazimisha aliyeumizwa akuonee huruma kabla hajaumia. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Na kengele?" Ile baiskeli ilikuwa na kengele ya kung'aa aliyokuwa akiifuta kwa kanga ya Mama kila asubuhi. Nikamwambia niliifungua kabla ya kuisukuma, nikaibadilishia shuleni kwa viazi vya kuchoma. Akainuka akaingia ndani. Wiki tatu hakupokea simu yangu.

Nawe jiandae kwa hizo wiki tatu. Yusufu mwenyewe hakuwakumbatia kaka zake siku ya kwanza. Alisema nao kwa mkalimani, akajitenga pembeni kulia, akawapima kwanza aone kama ni walewale. Tunahubiri msamaha wake mpaka tunasahau kwamba alichukua muda. Aliyekosewa ana haki ya kukutazama.

Baba ana miaka 83 sasa, na masikio yake ni mazito, kwa hiyo ilinibidi niseme kwa sauti, jambo nililolificha miaka 31. Niliogopa angenifokea au angeumwa. Hata wana wa Yakobo walipoleta habari njema kwamba Yusufu yu hai, moyo wa mzee ulizimia kwa kuwa hakuwasadiki. Ilibidi aone kwanza magari yaliyotumwa kumchukua. Mtu aliyedanganywa muda mrefu hata ukweli unamchanganya. Baba aliniangalia, akaangalia mikono yake, akasema, "Yule kijana nilimkata mshahara wa miezi miwili." Hakusema lingine usiku ule. Asubuhi alinituma nimletee kopo anamoweka fedha zake, akahesabu kwa vidole vinavyotetemeka, akanikabidhi.

Kijana yule ni mtu mzima sasa kama yu hai. Nimeulizia vijiji viwili, na hatimaye nimempata dada yake upande wa Ifakara. Nilipomweleza kwa simu alinyamaza, kisha akasema mambo haya hayasemwi kwenye simu, niende mwenyewe. Hakuniambia kama kaka yake yupo. Nauli nimeshaweka. Mdogo wangu amesema tutakwenda wote, Jumamosi, basi la alfajiri.