Anti, Kanisa Letu Linaenda Misheni Malawi, Niende?

*Shikamoo Anti. Mie nipo Mbweni hapa Unguja, ni muuguzi kwenye zahanati ya binafsi. Kanisani kwetu wameunda timu ya watu 12 ya kwenda misheni Malawi mwezi wa nane, wiki mbili, upande wa Karonga. Mchungaji ananitaka kwa sababu ya kazi yangu, anasema mchana tutafanya kliniki ya bure, kupima presha na sukari na kugawa dawa, jioni mahubiri. Kila mtu ajitafutie laki tisa. Hela hiyo sina, nimepewa kadi za mchango nigawe, sasa watu wangu wa karibu wengi ni Waislamu, majirani, wenzangu kazini, tunachangiana harusi na misiba siku zote, sijui nikiwapa kadi hii wataniona vipi. Na kaka yangu ndo kanivuruga kabisa, anasema Malawi Wakristo wamejaa, mnaenda kuwahubiria nini, bora hela hizo wapewe wajane wa hapo hapo kanisani. Moyo wangu unataka kwenda ila sina raha. Nifanyeje?*
*Muuguzi, Mbweni*

Marahaba mwanangu. Usimkasirikie kaka yako, kasema kwa ukali lakini kasema jambo. Malawi kweli Wakristo ni wengi, wamisheni wa Scotland waliingia Ziwa Nyasa toka 1875, kwahiyo hao mnaokwenda kuwahubiria Injili wameipokea kwa babu zao, wana wachungaji wao, wana kwaya zao, na wanahubiriana kwa Kitumbuka na kwa Kingonde ambacho kinafanana na Kinyakyusa cha Kyela. Nyie mtasimama na Kiswahili na mtu wa kutafsiri pembeni. Sisemi msiende, Mkristo kumtembelea Mkristo mwenzake ni jambo zuri na lina baraka zake, ila muelewe mnakwenda kwa nani.

Kwahiyo cha kwanza kabisa muulize mchungaji, nani katuita? Lipo kanisa la Karonga lililoandika barua likasema tunaomba mje, tunahitaji hiki na hiki? Au sisi ndo tumekaa huku tukapanga, alafu tukawapigia simu tukawaambia tunakuja? Kama ni hilo la pili, mwenyeji hatosema hapana. Waafrika hatumkatazi mgeni mlango. Watawapokea vizuri, watachinja, watahamisha watoto walale chini nyie mlale vitandani, watu 12 kwa wiki mbili, na nyie mtarudi mnasema jamani walifurahi sana kutuona.

Na hili la kwenda bila kuwajua wenyeji, nyie Wakristo wa Unguja mnatakiwa mulijue kuliko mtu yeyote maana ni historia ya kanisa la hapa. Mwaka 1861 wamisheni wa Kianglikana, wale wa UMCA, walikwenda huko huko Malawi wakakaa Magomero. Nia yao nzuri, wamekwenda kupinga biashara ya utumwa, ila nchi hawaijui, lugha hawaijui, muda si muda wakajikuta wameingia kwenye ugomvi wa Wamang'anja na Wayao mpaka wakashika bunduki, alafu homa ikawamaliza, askofu wao Mackenzie alikufa Januari 1862 hata mwaka hajamaliza. Misheni ikahamishiwa Unguja 1864, na ndo hao waliokuja kujenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Sasa linganisha na Cecil Majaliwa, mtoto aliyekombolewa utumwani, akasoma kwenye shule ya misheni ya Kiungani hapa hapa Unguja, akapadrishwa mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuwa padri kwenye misheni ile. Yeye alikwenda Chitangali, kule kusini upande wa Masasi, akakaa na watu miaka, akalea kanisa. Nyie mna wiki mbili tu, basi kazi ya wiki mbili lazima iwe imepangwa na mtu anayeishi pale.

Tuje kwenye kliniki, na hapa nakuomba usome taratibu maana hapa ndo wewe unaweza kuingia matatani peke yako. Leseni yako ya uuguzi ni ya huku. Malawi wana baraza lao la wauguzi na wakunga na mgeni hagusi mgonjwa mpaka wamempa kibali. Dawa nazo hivyo hivyo, huwezi kujaza begi la dawa ukapita nalo pale mpakani Kasumulu ukasema ni za kanisa, mamlaka ya dawa ya kule inataka kujua ni dawa gani, za nani, zina-ekspaya lini. Watu wengi wanapita hawaulizwi kitu, siku ukiulizwa ni wewe, mchungaji hawezi kukaa mbele yako.

Alafu tuseme kibali mnacho. Anakuja mama kakaa foleni toka asubuhi, unamfunga ile mashine mkononi, presha 180 kwa 110. Unafanyaje? Unampa vidonge vya wiki mbili? Wewe ni muuguzi unajua mwenyewe presha dawa yake ni ya kila siku, pengine mpaka kufa. Mkishapanda basi kurudi Dar yule mama vidonge vinakwisha, kituo cha afya hakina taarifa zake, na pengine hata hajui jina la dawa aliyokuwa akimeza. Mie hili linaniuma kweli, kwasababu yule mama aliwaamini. Kama kituo cha afya cha pale kinajua mnakuja, na wewe umekaa chini ya daktari wao, umepima ukaandika kwenye daftari lao, na dawa katoa yeye kutoka kwenye stoo yake, hapo sawa, umefanya kazi na nakupa mkono.

La hela. 12 mara laki tisa ni milioni kumi na laki nane. Muulizeni mchungaji kwa adabu, watu wanne wakienda, wenye kazi inayojulikana, hizo hela za wanane haziwezi kununua mashine za presha na vipimo vya sukari zikabaki pale kituoni? Na wajane wa kanisani kwenu wasisahauliwe pia, hapo kaka yako yupo sahihi moja kwa moja.

Kuhusu kadi kwa majirani Waislamu, usiwape. Mchango wa harusi na msiba ni wetu sote, leo kwangu kesho kwako, haiulizwi dini. Kadi ya kueneza Injili ukimpelekea jirani yako wa Kiislamu umemuweka pabaya, akitoa anajiuliza imani yake inasemaje, asipotoa anaogopa utaona kakunyima. Mnakopeshana chumvi na kushikiana watoto miaka yote hiyo, usimtie kwenye mtihani huo. Mwambie tu kwamba unasafiri na kanisa, unakwenda Malawi kwa shughuli za dini, na umuage vizuri. Akikupa chochote kwa hiari yake akiwa anajua safari ni ya nini, pokea na ushukuru. Kadi zako peleka kwa Wakristo wenzako.

Kwahiyo mwanangu, nenda kwa mchungaji wiki hii, umwombe uione barua ya wenyeji na umuulize kituo cha afya kimeshirikishwa na vibali viko wapi. Vikiwepo nenda kwa moyo mweupe. Visipokuwepo mwambie mwaka huu utawasaidia kuandaa, utakwenda mambo yakikaa sawa. Na picha za wagonjwa na watoto wa watu usipige ukatupia kwenye status.

*Anti mie ni kijana wa kwaya, Wete, Pemba. Tumealikwa na kanisa Kampala siku kumi kuimba na kushuhudia. Mama anaogopa maradhi. Nianzie wapi?*

Anza na pasipoti usingoje mwezi wa mwisho, ya kawaida ni shilingi 150,000, watataka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Uganda wanadai kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwahiyo ukichanja leo ukasafiri kesho hujakamilika. Ukichanja mara moja inatosha maisha yako yote. Kadi za kununua bila sindano achana nazo kabisa.

Hofu ya mama ina msingi kwenye malaria. Huku kwetu Zanzibar imepungua sana, wenye vimelea vyake ni chini ya asilimia moja ya watu, vijana wengi mumekua hamjaumwa kabisa na mwili hauna mazoea nayo, Uganda iko nyingi. Muone daktari kabla ya safari akupe dawa ya kinga, chukua chandarua chako hata kama mnalala kwa watu. Na ukirudi, ikikupata homa ndani ya mwezi, usimeze panadol ukalala, nenda hospitali siku hiyo hiyo uwaambie umetoka Kampala wakupime.