Uliza Bustani: Shada la mlangoni limekauka kabla ya sikukuu

Dada, habari za kazi. Mwaka jana nilitengeneza shada la mlangoni kwa matawi niliyopogoa mwenyewe bustanini, siku ya kwanza lilipendeza mpaka wageni wakaniuliza nimelinunua wapi, lakini wiki haijaisha likawa la kahawia na sindano, yale majani yake membamba, zinamwagika kila mlango ukifunguliwa. Nililipulizia maji kila asubuhi. Nilikosea wapi?

Pole sana mdogo wangu, najua inavyouma ukiangalia kazi ya mikono yako inapukutika chini. Hukukosea kwenye kupuliza, naona shida ilianza mapema zaidi, kati ya ile saa uliyokata tawi na ile saa uliyolifunga kwenye pete, yaani lile duara linaloshika shada. Tawi likishakatwa halina mizizi tena ila majani yanaendelea kutoa maji hewani kama kawaida, na pale lilipokatwa utomvu unaganda unaziba, kwa hiyo ukilikata asubuhi ukaliacha kibarazani mpaka jioni hata ukija kulitumbukiza kwenye ndoo halinywi vizuri.

Mimi nafanya hivi. Natoka na ndoo yenye maji, kila tawi nikikata linaingia humo humo, nikifika nyumbani nakata tena ncha ya chini sm 2 au 3 kwa mshazari halafu naliacha kwenye maji kivulini, mahali pa baridi, usiku kucha, na jamii ya msonobari na mberoshi naweza hata kuilaza yote mzima mzima kwenye beseni. Asubuhi nakung'uta maji ndio naanza kufunga. Majani yenye vinyweleo kama ya lavenda usiyazamishe, yanapata madoa, hayo simamisha mashina tu.

Halafu angalia umekata mti gani. Msonobari unashika sindano zake muda mrefu, sprusi, jamaa ya msonobari yenye sindano fupi, ina rangi nzuri sana lakini inamwaga haraka hasa ndani ya nyumba. Pitisha vidole kwenye tawi kuanzia shinani kwenda nchani, sindano zikibaki mkononi mwako liache hilo.

Na unalitundika wapi? Nje, kwenye kivuli na baridi, shada lililokunywa maji vizuri linaweza kufika wiki 3 au 4. Ndani karibu na hita ni wiki moja hivi, hewa ile ni kavu mno. Kama mlango wako una mlango mwingine wa kioo kwa mbele usiliweke kati ya kioo na mlango maana jua likipiga hapo linaivishwa kabisa. Kupuliza endelea tu, ila puliza upande wa nyuma kwenye mashina yaliyokatwa, na likianza kulegea toa utepe ulilaze kwenye beseni la maji saa moja hivi.

Dada mambo vipi, mimi nina pete ya waya ya sm 30 lakini kila nikifunga linatoka na mapengo, upande mmoja nene upande mwingine unaona waya. Kuna siri gani?

Kaka yangu, nadhani unafunga tawi moja moja huku unatafuta lingine kwenye rundo. Acha hiyo. Kata kwanza vitawi vyote, sm 15 mpaka 20, kisha fanya vifungu vya vitawi 3 hadi 5, vyote unene mmoja, vipange mezani mbele yako kabla hujagusa pete. Pete ya sm 30 ina mzunguko wa kama sm 94, ukiweka kifungu kila baada ya sm 7 hivi unahitaji vifungu 13 au 14, basi andaa 16 ili usikwame mwishoni, maana hapo mwishoni ndio watu huanza kuachanisha vifungu ili vitoshe na pengo linatokea.

Waya usiukate vipande vipande, ufunge mara moja kwenye pete halafu uuache kwenye kibiringo chake, laza kifungu, zungusha mara 3 kwa nguvu, laza kinachofuata kikifunika mashina ya kilichotangulia, vyote vikiangalia upande mmoja. Naposema kwa nguvu namaanisha nguvu kweli kweli, kwa sababu mashina yakikauka yanasinyaa na kifungu kilichokuwa kimekaza leo kitachomoka baada ya siku kumi. Kifungu cha mwisho mashina yake yanaingia chini ya kichwa cha kile cha kwanza, nyanyua taratibu upitishe waya hapo. Ujue pia kwamba pete ya sm 30 ikishavaa inafika karibu sm 50 kwa upana, pima mlango kwanza.

Na kama una mzabibu bustanini wala huhitaji pete ya kununua. Ile mizabibu mirefu unayoipogoa ikiwa bado laini izungushe mara 4 au 5, chomeka ncha ndani, iache ikauke, utaitumia miaka na miaka. Mimi hiyo naipenda kuliko ya waya kabisa.

Naomba kuuliza, koni za msonobari nilizookota zinanata mikono yote na nyingine zimefunga, nifanyeje?

Zimefunga kwa sababu zina unyevu, zikikauka zitafunguka zenyewe. Ukitaka haraka zipange kwenye trei uliyotandika karatasi ya aluminiamu, oveni iwe kama nyuzi 90 za Selsiasi, nusu saa mpaka dakika 45, na usitoke hapo jikoni maana utomvu unashika moto. Joto hilo linaua pia wadudu waliojificha ndani. Mikono paka mafuta ya kula kwanza, sugua, ndio uoshe na sabuni.

Dada, nina mtoto anayetambaa na paka wawili, kuna mimea ya kuepuka?

Ipo mama, na hapa usijaribu bahati. Oleanda, kile kichaka cha maua, ina sumu kila sehemu, jani, ua, shina, isiingie kabisa. Mnyaa nao utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni hatari, kwa hiyo usiukate kwa ajili ya pambo. Beri nyekundu za holi, kichaka chenye majani ya miiba, zinavutia watoto na zinawaumiza tumbo, na zikikauka zinadondoka sakafuni hapo anapotambaa. Rangi nyekundu unaweza kuipata kwa matunda ya waridi, nayo yafunge na waya juu asikofikia. Mshumaa kwenye matawi makavu hapana, weka taa ndogo za LED.

Nilikata mberoshi wangu sana mwaka juzi kwa ajili ya mapambo, upande mmoja umebaki mweupe mpaka leo hautoi majani. Utarudi?

Kwa kweli hapo palipobaki mti mtupu usitegemee, mberoshi kama jamaa zake wengi wa sindano hauchipui kwenye tawi kuukuu lisilo na kijani. Ndio maana nawaomba wote mkate ndani ya sehemu ya kijani tu, mkifuata njia panda ya tawi msiache kisiki, na mchukue kidogo kidogo kuzunguka mti mzima, nyuma na chini zaidi kuliko mbele. Kwa wako, chukua matawi mabichi ya jirani na pengo, yavute taratibu yafunike, yafunge kwa kamba laini ya katani, usikaze, na baada ya mwaka mmoja fungua uone kama yamezoea kukaa hapo.