Maswali yenu: watu wa pembeni wa Shivpalganj

Niliwahi kuandika hapa kuhusu Raag Darbari, riwaya ya Kihindi ya Shrilal Shukla iliyotoka mwaka 1968 na kupata tuzo ya Sahitya Akademi mwaka uliofuata. Kwa aliyekosa makala ile: kijana msomi wa historia, Ranganath, anakwenda kujiuguza kwa mjomba wake Vaidyaji huko Shivpalganj, kimji kilicho nusu kijiji katika jimbo la Uttar Pradesh. Mjomba ni mganga wa tiba za asili, na hapo mahali hakuna kitu kisichopitia mkononi mwake: shule ya sekondari, chama cha ushirika, mwishowe hata uongozi wa kijiji. Barua zenu karibu zote zimewaruka hao wawili zikauliza wengine. Sishangai. Ranganath ni dirisha tu. Wa kutazamwa ni wale wanaopita nje.

Langad ndiye mtu mwaminifu pekee katika kitabu kizima. Kwa nini mwandishi amemtesa vile? (Msomaji, Dodoma)

Hebu rudia kusoma jinsi ugomvi wake ulivyoanza. Langad, wanayemwita kwa kilema cha mguu wake, anataka nakala ya hukumu kutoka ofisi ya serikali. Karani anataka rupia tano. Langad anasema bei inayojulikana ni mbili. Wanavutana, maneno yanakuwa makali, na hapo ndipo Langad anapoapa kwamba hatoi hata senti, nakala ataichukua kwa sheria. Karani naye anaapa vilevile: hapokei hata senti, na nakala ataitoa kwa sheria.

Kwa hiyo vita hii tunayoiita ya uaminifu ilizaliwa na bei kutoafikiwa. Karani angelegeza kamba kidogo, Langad angelipa zake mbili akaenda nyumbani, nasi tusingemjua kabisa. Simdharau kwa hilo. Nadhani ndiyo sababu anaaminika kama binadamu: ameanza kama sisi wote, kisha kiapo kikamshika.

Na tazama karani anavyopigana. Havunji sheria hata moja. Maombi yanarudi kwa sababu stempu zimepungua. Mara namba ya jalada imekosewa, mara kuna nafasi kwenye fomu haikujazwa. Kila kasoro ni ya kweli, na kila kasoro ingefumbiwa macho kwa rupia tano. Langad anakwenda na kurudi, anatabasamu, anawaeleza watu barazani kwa Vaidyaji hatua aliyofikia, nao wanacheka. Ranganath anamhurumia sana, na hakuna anachofanya. Mwishowe nakala inakamilika, tangazo linabandikwa ubaoni, na Langad wakati huo yuko kitandani na homa. Siku zilizowekwa zinapita, nakala inachanwa kwa mujibu wa kanuni. Anaanza upya.

Umeuliza kwa nini mwandishi amemtesa. Mimi naona amemwacha tu mikononi mwa utaratibu, na utaratibu ulitosha.

Shikamoo. Sanichar ni mtu wa kuvaa kaptula ya ndani na kusaga bangi mlangoni kwa tajiri. Amewezaje kushinda uenyekiti wa kijiji? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba. Amewezaje? Kwa saa ya mkononi.

Kitabu kinaeleza mbinu za kushinda uchaguzi, kila moja ikiwa na jina la kijiji ilikobuniwa, na kambi ya Vaidyaji inachagua ile ya Mahipalpur. Saa ya msimamizi wa uchaguzi inakuwa mbele. Wanaojua wanawahi, wanapiga kura zao, na wapinzani wakifika kwa saa za kawaida wanaambiwa muda umekwisha. Hakuna sanduku lililoibwa wala kichwa kilichopasuliwa.

Ila usimchukulie Sanichar kama kituko tu. Vaidyaji alimchagua kwa sababu hana kitu. Mwenye shamba, ukoo au elimu angeweza siku moja kuwa na maoni yake. Angalia pia jinsi Sanichar mwenyewe anavyobadilika baada ya ushindi, polepole, mpaka anaanza kukiamini cheo. Sehemu hiyo ilinichekesha kuliko uchaguzi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi na nimekasirishwa na Moti Ram. Huu si uzushi dhidi ya walimu? (Morogoro)

Pole mwalimu. Moti Ram ana mashine ya kusaga unga, na somo la densiti analifundisha kwa mfano wa mashine mbili na faida ya kila moja. Watoto hawajui kama wanasoma fizikia au biashara. Mlio wa mashine ukisikika vingine anakatiza kipindi na kukimbilia unga wake.

Lakini kabla hujamrushia jiwe, tazama kinachofuata. Mkuu wa shule anamkabidhi mwalimu wa darasa la saba lile la tisa, aliloliacha Moti Ram, yote kwa saa ileile. Mwalimu analalamika. Mkuu anamjibu kwamba basi likiharibika njiani abiria wake hupakiwa kwenye basi lingine. Huyo mkuu ana sifa mbili katika kitabu: kuvuta fedha nyingi za serikali kwa hesabu za uongo, na kuhamia Kiawadhi, lugha ya kwao, hasira zikimpanda. Moti Ram ana faida ya kuwa mkweli kuhusu anachokipenda.

Walimu wenye malalamiko wanakwenda kwa Gayadin, mkopeshaji wa fedha aliye kwenye kamati ya shule, wakidai suala la maadili. Mzee anawaonyesha ubao mmoja wa kukalia uliosukumwa kwenye kona ya nyumba. Maadili, anasema, ni kama ule: siku ya mkutano unatandikwa shuka safi, mtu anapanda juu yake na kuhutubia. Wanaondoka mikono mitupu.

Chhote Pahalwan anampiga baba yake mzazi. Nimeshindwa kucheka. (Mama wa watoto wanne, Mombasa)

Ni haki yako, mama. Kichekesho hakipo kwenye kipigo. Kipo pale mzee Kusahar Prasad anapokwenda kushtaki, na watu wanakumbuka kwamba yeye naye alimpiga baba yake, na baba yake alimpiga wa kwake. Kila kizazi kinaomba haki kwa jambo ambalo chenyewe kilirithishana. Mwandishi analisimulia kama mtu anayetaja nasaba ya heshima, na hapo ndipo mimi nilipocheka, kwa aibu kidogo.

Ramsarup hatujamwona hata mara moja. Na yeye anahesabiwa mhusika? (Nakuru)

Bila shaka. Msimamizi wa ushirika anapotea na ngano iliyojaa malori, na kutokuwepo kwake kunamfungua Vaidyaji kuliko mhusika yeyote aliyepo. Mganga anawaeleza watu kwamba hili ni jambo la kushukuru: siku zote ushirika wao haukuwa na wizi, watu wakawashuku. Sasa wizi umetokea na haukufichwa, basi wao ni waaminifu. Kisha anataka serikali ifidie hasara.

Jognath anaongea lugha gani? (Zanzibar)

Ni Kihindi kilekile, kimechomekwa sauti za ziada katikati ya maneno ili wasiojua wasielewe. Waliocheza kinyume utotoni watamwelewa mara moja. Tofauti ni kwamba yeye ni mlevi na mwizi.

Wanawake wako wapi? (Wasomaji kadhaa)

Hawapo, na kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kitabu. Bela, binti wa Gayadin, anahusishwa na barua ya mapenzi iliyounganishwa kwa vipande vya nyimbo za sinema. Barua inachekesha kweli. Watu wanamjadili Bela, wanamvumishia, wanampangia, na sauti yake hatuisikii. Wapo wanaosema ukimya huo ni makusudi, kwamba mji wenyewe ndivyo ulivyo. Sikubali. Mwandishi aliyempa Langad nafasi yote ile angeweza kumpa Bela kurasa mbili.

Shukla aliyajua haya yote wapi? (Kigoma)

Kazini. Alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha wilaya ya Lucknow, akawa ofisa wa serikali huko Uttar Pradesh miaka mingi, na riwaya aliiandika akiwa bado mtumishi. Majalada ya aina ya lile la Langad yalipita mezani kwake.

Nisiyejua Kihindi nifanyeje? (Arusha)

Kuna tafsiri ya Kiingereza ya Gillian Wright, ya mwaka 1992. Usiruke kurasa za kwanza, pale Ranganath anapoomba lifti ya lori. Amekosa treni. Kwa kawaida huondoka ikiwa imechelewa saa mbili, naye akapiga hesabu zake kwa hilo. Siku hiyo ikachelewa saa moja na nusu tu.