Chini ya saipresi hapaoti kitu: je, tununue unga wa kuondoa asidi?

Swali: Nina ekari 2 za saipresi karibu na Molo, upande wa Mau, zenye umri wa miaka 9, nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, na sijawahi kuzipunguza. Chini yake hapaoti chochote. Muuza miche anasema udongo umejaa asidi, na kwamba nikinyunyiza unga wake mimea ya msitu wa asili itarudi, kwa kuwa saipresi, mtarakwa na podo ni jamii moja. Ninunue?

Jibu: Usinunue. Kwa nafasi hiyo hekta 1 hubeba miti 1,600, na matawi yakishafungana mwanga haufiki ardhini. Anza kwa kuondoa iliyopinda na iliyodumaa. Magugu yatatangulia, kisha vichaka ambavyo mbegu zake huletwa na ndege kutoka msituni. Asidi hujulikana kwa kupimwa udongo, haijulikani kwa maneno ya mwenye bidhaa.

Hiyo "jamii moja" ndiyo inayonichosha, kwa sababu naisikia karibu kila wiki. Saipresi yetu asili yake ni Mexico na Guatemala. Ni kweli ina undugu na mtarakwa, na undugu huo tuliulipia: vidukari (wadudu wadogo wafyonzao utomvu) vilivyoingia Kenya mwaka 1990 na kukausha saipresi vilishambulia mtarakwa pia. Podo ni wa ukoo mwingine kabisa.

Hata hivyo, undugu hauamui mti uote wapi. Mtarakwa hupenda miteremko ya juu iliyo mikavu kiasi, pamoja na mzeituni mwitu, na mche wake hautaki kivuli, ndiyo maana huchipuka kwa wingi mahali palipoungua au palipofunguka, lakini hushindwa kujirithi chini ya msitu uliofunga. Podo hutaka unyevu, na mche wake huvumilia kivuli kwa miaka mingi. Ukikwea mlima juu zaidi unakuta mianzi, kisha hagenia, mti wa nyanda za juu zenye baridi. Huo ni mpangilio wa mvua, baridi na mwanga, na hakuna unga unaoweza kuuiga.

Kwa hiyo jihadharini na wanaouza furushi moja la "msitu wa asili" kwa mkulima wa Rongai palipo pakavu na wa Kericho panaponyesha karibu mwaka mzima. Wapo pia wanaouza saipresi kwa jina na bei ya mtarakwa, maana miche michanga humchanganya asiyeizoea. Dai kuonyeshwa mti mama: mtarakwa huzaa vitunda laini vya buluu iliyokolea, saipresi huzaa koni ngumu kama mbao. Tena, mtarakwa na podo huwa na mti dume na mti jike, hivyo anayepanda mmoja uani akisubiri mbegu atasubiri sana. Ukishapunguza saipresi zako, podo wachache uwaweke kwenye kivuli chepesi kilichobaki, na mtarakwa uupande pembezoni, juani.