Kwa Mnaoanza Kumpiga Jim Reeves Hewani

Kila Julai ikikaribia ukingoni, makosa ni yaleyale. Mtangazaji mpya anakabidhiwa kipindi cha kantri cha Jumapili asubuhi, anaambiwa aandae kumbukumbu ya Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, na saa haijaisha ameshawaambia wasikilizaji kwamba marehemu alikufa ndege moja na Patsy Cline, mwimbaji mwenzake wa kantri. Simu ya studio inaanza kulia. Wazee wanaofungulia kipindi hicho walianza kumsikiliza Jim Reeves kwenye redio za mbao, na jambo hili hawana msamaha nalo. Haya wadogo zangu, vueni hedifoni kidogo mnisikilize.

1. Tarehe ziandike kwenye karatasi, usitegemee kichwa. James Travis Reeves alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 huko Galloway, Texas, akafa tarehe 31 Julai 1964. Alikuwa na miaka 40, siyo 41. Zilibaki siku 20. Patsy Cline alikuwa ameshatangulia tangu tarehe 5 Machi 1963, katika ajali nyingine, karibu na Camden, Tennessee. Reeves alikuwa anarusha ndege mwenyewe, Beechcraft Debonair ya injini moja, akitoka Batesville, Arkansas, kurudi Nashville, pamoja na mpiga piano na meneja wake, Dean Manuel. Waliingia kwenye mvua ya radi karibu na Brentwood, na mabaki yakapatikana tarehe 2 Agosti. Ukishasema hayo inatosha, piga wimbo. Hakuna haja ya kuweka mlio wa radi chini ya maneno yako. (Ndiyo, yupo aliyeweka.)

2. Nyimbo zake ni fupi. Nyingi ni za dakika mbili na ushee, kwa sababu zilirekodiwa kwa ajili ya santuri ndogo za miaka hiyo. Saa moja ukitoa taarifa ya habari na matangazo unabaki na kama dakika 43. Hesabu dakika mbili na nusu za wimbo na moja ya maneno yako, utahitaji nyimbo 12, na ziwepo tatu za akiba. Mwenye mazoea ya bongofleva anakuja na nyimbo nane, halafu robo saa ya mwisho anaanza kuwasalimia ndugu zake. Tena sauti ya Reeves huingia mapema mno, kwa hiyo ule mtindo wenu wa kuongea juu ya mwanzo wa wimbo uacheni kwenye vipindi vya jioni.

3. Usipige "Mexican Joe" halafu ukasifia "sauti laini kama hariri". Wimbo huo ni wa 1953, alipokuwa kampuni ya kurekodi ya Abbott, na pale Reeves anaimba juu, kwa nguvu, kwa utani, kama waimbaji wengi wa kantri wa wakati ule. "Bimbo" uliofuata ni hivyohivyo. Sauti mnayoijua ilikuja baadaye, na ilitoka kwenye kazi hii hii yenu. Alipoumia na kuacha besiboli alikuwa mtangazaji, kwanza kituo cha redio cha KGRI cha Henderson, kisha KWKH cha Shreveport, na mtangazaji anajua maikrofoni inavyofanya ukiisogelea: ile inayosikia upande mmoja huongeza besi kadiri mdomo unavyokaribia. Mwaka 1957, kwenye "Four Walls", alishusha sauti na kusogea mpaka midomo ikakaribia kugusa chombo. Wakubwa wa RCA, kampuni iliyomrekodi baada ya Abbott, hawakupenda. Mtayarishaji wake, Chet Atkins, akasimama naye, na wimbo ukashika namba moja kwenye chati ya kantri na namba 11 kwenye chati ya pop. Tangu hapo fidla na gitaa la stili vikarudi nyuma, ikaja piano ya Floyd Cramer na waitikiaji wa Anita Kerr. Huo ndio mtindo wa Nashville ambao watu wanautaja bila kujua ulitoka wapi.

Kwa kazi yako maana yake ni hii: wimbo ukiisha, usirudi hewani kama kondakta wa daladala anayeitia Mbagala. Kaa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, igeuze upande kidogo ili P na B zisipige, shusha sauti. Na kama faili yako ni ile iliyobanwa ikapandishwa sauti, tafuta nyingine, maana kompresa (kifaa cha kubana sauti) ya mtambo wa kurushia itaibana mara ya pili na pumzi ya Reeves itasikika kuliko maneno.

4. Sasa hili ndilo linaloumiza, na ndilo mnalolirudia kuliko yote. Mnachukua faili ya kwanza inayotokea, mnaipiga, mnaisimulia. Hamjiulizi ilitengenezwa lini.

Reeves alipokufa aliacha kanda nyingi. Nyingine zilikuwa tayari, nyingine zilikuwa za majaribio tu, sauti na vyombo viwili vitatu. Mjane wake, Mary Reeves, alizisimamia kwa miaka mingi, na RCA ikawa inazitoa kidogo kidogo, mara nyingi baada ya kuongezea vyombo vipya juu ya sauti ya zamani. "Distant Drums" ni ya namna hiyo. Ilikuwa rekodi ya majaribio ya utunzi wa Cindy Walker. Ikavishwa okestra, ikatoka 1966, ikakaa namba moja Uingereza wiki tano, miaka miwili baada ya mwimbaji kuzikwa. Nyimbo zake sita zilishika namba moja kwenye kantri baada ya kifo chake. Kwa hiyo mtangazaji anaposema "mwaka 1966 Jim Reeves aliingia studio", anayemcheka ana haki.

Kosa lenyewe hasa ni "Have You Ever Been Lonely", Reeves na Patsy Cline. Linatokea hivi. Kijana anausikia, wanaimba wakipokezana, vinanda vinameremeta, anatunga kisa: walipendana, walikutana studio usiku, macho yakaongea. Mkewe Mary hayumo kwenye kisa hicho hata kidogo. Ukweli ni kwamba hawakuwahi kurekodi pamoja. Kila mmoja alikuwa ameuimba wimbo huo kivyake. Kilichowezesha kuwaunganisha ni kwamba kanda zao za asili zilikuwa na njia tatu, sauti ya mwimbaji ikiwa mbali na vyombo. Mafundi wakazitoa sauti mbili peke yake, wakazioanisha, wakarekodi vyombo vipya chini yake. Santuri ikatoka 1981, Reeves akiwa na miaka 17 kaburini na Patsy zaidi ya hapo. Sikilizeni ngoma na vinanda: ni vya miaka ya themanini kabisa, havifanani na chochote kwenye "Four Walls".

Deborah Allen naye ni hivyohivyo. Sauti yake iliongezwa kwenye rekodi za Reeves mwishoni mwa miaka ya sabini. Reeves alipokufa binti huyo alikuwa na miaka kumi. Lakini msije mkaruka upande wa pili mkasema kila mwanamke ni wa kubandikwa. Ginny Wright aliimba naye kweli, "I Love You", enzi za mwanzo kabisa. Dottie West aliimba naye kweli "Love Is No Excuse", mwaka 1964. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, angalia mwaka wa kurekodiwa, siyo mwaka wa santuri kutoka. Mkusanyiko unaoandikwa "nyimbo bora" hukupa ule wa pili tu, nao ndio unaowaponza.

5. Wasikilizaji hawaombi kwa jina la wimbo. "Ule wa simu" ni "He'll Have to Go". "Ule wa kuta" ni "Four Walls". "Ngoma za mbali" ni "Distant Drums". "This World Is Not My Home" huombwa na wafiwa. Ukitoka hapo usiende kwenye tangazo la bia, hata kama ratiba imepanga hivyo. Sogeza tangazo, andika kwenye daftari la zamu, meneja wa masoko atapoa. Za Krismasi, zile za albamu ya 1963, zisubiri Desemba.

6. Ukikosa la kusema kuhusu huo "wa simu", sema hili: ulikuwa upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza ulikuwa "In a Mansion Stands My Love". Watangazaji ndio walioigeuza, na mwaka 1960 ukakaa wiki 14 namba moja kwenye kantri na kufika namba mbili kwenye chati kuu ya Marekani. Mwaka huohuo Jeanne Black akatoa jibu la yule mwanamke wa upande wa pili wa simu, "He'll Have to Stay". Zipange zifuatane, bila jingo (kibwagizo cha kituo) katikati, na jina la huyo dada lisemwe baada ya wimbo kuisha, siyo kabla.